Mizani ya Jimu

Mimi mizani siiamini. Nimelima pamba Ngulyati miaka ishirini na nane, na sijawahi kufikisha mzigo kwa karani ukasoma kama nilivyoukadiria nyumbani. Kila mara unapungua. Ukiuliza, unaambiwa pamba imekauka njiani. Njia yenyewe hatua mia mbili!

Kwa hiyo daktari aliponiambia nitoke kilo tisini na sita nifike themanini na sita, na presha ishuke, ndipo anipasue ngiri ya kitovu, nilimuuliza atakayepima ni nani. Akacheka. Mimi sikucheka. Ngiri hiyo ilinizuia kushika jembe msimu mzima, na mume wangu Machibya alikuwa anapalilia peke yake huku mgongo ukimuuma.

Nikajiunga na jimu moja Bariadi mjini. Mwalimu, Tumsifu, kijana aliyetoka Moshi, alisoma cheti cha daktari akanikataza vyuma vizito. Akanipima: tisini na sita, sawa na hospitali. Nikamuuliza yote. Ugali niache? Akasema niupunguze nusu, niongeze mboga na maharage. Jasho ni mafuta yanayoyeyuka? Akasema ni maji tu, nikinywa yanarudi. Kuna zoezi la kupunguza tumbo peke yake? Akasema mwili hauchaguliwi pa kupungua. Majibu yalinyooka mno, nikazidi kumtilia shaka.

Wiki ya sita mizani yake ikasoma themanini na nane. Kilo nane! Nilirudi nyumbani naimba, Machibya akadhani nimelewa. Lakini nilipojifunga kitenge, fundo likakaa karibu palepale pa siku zote. Kilo nane zimetoka, nguo haina habari? Halafu nikakumbuka kwamba siku hizi kwenye ile mizani kulikuwa na stika ya jimu, imebandikwa juu ya sifuri.

Kesho yake nilikodi bodaboda, dereva akaniingizia ndani dumu la maji la lita ishirini. Maji hayo ni kilo ishirini, na dumu kama kilo moja. Hilo hata mtoto analijua.

"Mama, hayo maji ya nini?" Tumsifu akauliza.

"Yamekuja kupimwa. Weka."

Mshale ukasimama kwenye kumi na saba. Dumu liliposhushwa nikabandua stika. Mshale ulikuwa umelala chini ya sifuri kwa kilo nne.

"Umeichezea," nikasema.

Tumsifu alitazama sakafu. "Watu wakiona hawapungui wanakata tamaa, mama. Nilikuwa nawatia moyo."

"Moyo wa kuibiwa?"

Nilidhani wenzangu wa mazoezi watakuja juu. Wapi! Joyceline, mwalimu wa sekondari aliyekuwa anafanya mazoezi ili avae gauni la harusi, alinikunjia uso mimi. "Ungeniacha nifurahi tu, mama Milembe."

Nikamwamuru Tumsifu airekebishe palepale, nikapanda. Tisini na mbili. Nililia mbele yao wote bila aibu. Kilo nne nilikuwa nimezipunguza kweli, na hizo zilikuwa jasho langu. Kilichoniuma ni kwamba safari hii nilikuwa nimeamini, mimi mwenye akili zangu.

Niliendelea kwenda, maana maneno yake kuhusu chakula yalikuwa ya kweli, na ngiri haikuwa inanisubiri. Baada ya wiki tano nikarudi hospitali na Machibya. Themanini na saba.

"Imebaki kilo moja tu," daktari akasema kwa upole, "na presha kidogo. Si neno. Alhamisi kuna nafasi, njoo."

Machibya akashusha pumzi kwa furaha, mkono kiunoni. Mimi nilimtazama daktari usoni. Upole ule nilikuwa nimeshaukuta kwa Tumsifu, nikaogopa.

"Daktari," nikasema, "mama yako angekuwa na presha hii na kilo hizi, ungempasua Alhamisi?"

Kalamu yake ikasimama. Akaiweka mezani.

"Ningemwambia asubiri wiki tatu."

Machibya akaguna, akaegemea ukuta. Nilimwonea huruma, kwa sababu palizi ilikuwa bado na mgongo ni wake.

"Basi," nikamwambia daktari, "niandikie tarehe hiyo ya mama yako."