Bomba Lililokumbatiwa

Mimi na mume wangu ni wahandisi wa maabara moja. Tunapima mnato wa mafuta ya mitambo: tunatumbukiza gololi kwenye bomba la kioo, tunaangalia inakawia vipi kufika chini. Nikipima mimi, inashuka kwa madaha kama bibi harusi. Akipima yeye, mbio!

“Mafuta yananijua,” akatamba.

Nikamchungulia. Loo! Bwana mkubwa amelikumbatia bomba, shavu kwenye kioo, joto lake lote linayalainisha mafuta.

“Baba watoto, hayakujui. Umeyapasha moto!”

Akaliachia, akacheka kwa aibu.

“Usicheke. Nikinuna nyumbani, unaniuliza dawa yangu nini. Kumbe dawa unayo, unaimalizia huku kwenye bomba!”