Wivu wa Jagi

Fundi cherehani hakuwahi kudhani kwamba siku moja angelionea wivu jagi la mkojo. Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu mumewe atoke hospitali, figo moja imeondolewa pamoja na uvimbe wake, mshono umemzunguka kutoka ubavuni hadi karibu na kitovu. Muuguzi alikuwa ameagiza figo iliyobaki ichungwe: kila mkojo upimwe, uandikwe kwenye daftari. Alipouliza nani atapima, mgonjwa akajibu bila hata kufikiri, "Dada." Na mke amesimama hapo hapo, mkono ameshaunyoosha apokee jagi.

Basi wifi akahamia na sanduku lake. Kila asubuhi mlango wa chumbani unafungwa, kisha sauti ya wifi inasikika imejaa raha, "Mia tatu na hamsini, mdogo wangu, leo umenifurahisha," na mgonjwa anacheka huku akilalamika kwamba mshono unamuuma. Mke yuko sebuleni anakanyaga cherehani, roho inamchoma. Zipu ya mteja akaishona juu chini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, halafu anaoneshwa mlango kama mpangaji.

Siku ya sita wifi alipokwenda kuoga, mke aliingia chumbani na kutema alichokuwa amekimeza. "Nimekukosea nini mpaka unanificha mwili wako?"

Mume alitazama dari. "Nilikunong'oneza kwamba nakojoa damu. Ukapaza sauti mbele ya wateja, ukasema nimezidisha juisi ya bitiruti. Wote wakacheka. Dada hakucheka. Alinishika mkono tukaenda kupima."

Mke alikumbuka. Siku ile hata yeye alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Wifi aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni, alimkuta mke amelishika jagi kwa mikono miwili.

"Wifi," mke akasema, "nifundishe kusoma hii mistari."

"Mimi sina neno, wifi yangu. Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakamgeukia mgonjwa. Akavuta shuka taratibu mpaka kidevuni.

"Bado," akasema.

Mke akamkabidhi wifi jagi, akatoka, akaurudishia mlango yeye mwenyewe.