Mkono Uliobaki

Jumamosi asubuhi, mpokezi wa kliniki ya meno alisogeza makochi ukutani, akapiga deki sebule, akasubiri sakafu ikauke, kisha akapiga magoti na kuanza kuunganisha karatasi kwa selotepu. Zilikuwa karatasi za kawaida za kuchapia barua, na kila moja ilikuwa na mistari iliyokatika ukingoni, ikitafuta mwendelezo wake kwenye karatasi ya jirani. Ukizipanga sawasawa, linatokea bega. Ukiongeza mbili, inatokea kola. Mpokezi alikuwa akicheka peke yake. Kila mistari miwili ilipokutana alisema "Haya!" kwa sauti, kama anayekaribisha wageni.

Karatasi hizo zikikamilika ndizo kigezo: unakiweka juu ya kitambaa, unakizungushia chaki, unakata, unashona. Hiki alikinunua kwa simu kutoka kwa mwanamke mmoja anayechora vigezo kwenye meza ya jikoni kwake, asiye na kampuni wala bosi. Wateja wake, wanawake wanaojishonea majumbani, walimwita Mchoraji. Mchoraji hakuchora nguo za warembo wa kwenye magazeti. Alichora za watu wenye matumbo, wenye matiti, na wenye bega moja lililoshuka kwa kubeba mkoba miaka yote. Mwenye duka la kuchapisha alikuwa amekipima kwa rula kile kimraba cha majaribio kilicho kwenye ukurasa wa kwanza, akasema, "Kiko sawa, dada. Kingepungua hata kidogo, ungeshona nguo ya mwanasesere."

Tangu aolewe, mpokezi hakuwahi kuvaa nguo iliyomtosha. Nguo zake zilitoka kwa wifi yake, dada wa mume, mwanamke mrefu, mpana na mkarimu, ambaye alizileta kwa mifuko alipokwisha kuzichoka. Mpokezi alizikunja mikono, akazikaza kwa pini, akashukuru. Cherehani aliinunua mwenyewe, ndogo, ya umeme, yenye kikanyagio, na akamweleza mumewe kwamba ni ya kurekebishia suruali zake. Jambo hilo lilikuwa kweli kwa suruali moja.

Basi akatandika kitambaa, akakata mgongo, akakata kifua, akafika kwenye mikono ya blauzi. Kigezo kilisema: kata mara mbili, na mara ya pili geuza karatasi. Alikata wa kwanza. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma, akaita.

"Mwanangu, chai ipo?"

Ilikuwapo. Akaimimina, akaipeleka, akamwekea mama mto mgongoni, akamtafutia miwani, ambayo mama alikuwa ameivaa. Aliporudi alipiga magoti, akashika mkasi na kukata mkono wa pili bila kugeuza karatasi. Kila anayejishonea ameshafanya kosa hili, na anayesema hajalifanya bado hajaanza kushona. Mpokezi alikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Kitambaa kilichobaki kilitosha kukata wa kulia mmoja. Akaukata, akashona blauzi yake, lakini ule mkono uliobaki ulimuuma roho. Ulikuwa umekatwa vizuri mno. Kuuacha mezani haikuwezekana, maana katika nyumba ile kitambaa kilichoachwa ovyo hakifiki jioni kabla hakijafuta kitu. Kwa hiyo akauunga na kuupachika mgongoni mwa blauzi, chini kidogo ya bega la kushoto, kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda. Atajua la kuufanya baadaye.

Jumapili aliivaa. Bega lilikaa begani. Kifua kilifungika bila kuvuta na bila kuning'inia. Alisimama mbele ya kioo na machozi yakamlengalenga, kwa sababu alikuwa amezoea kudhani kwamba tatizo ni mwili wake. Alipofunga kifungo cha mwisho, mkono wa tatu, wa nyama na mifupa, uliota mgongoni ukaingia ndani ya ule wa kitambaa. Ulikuwa wa kushoto, kama ulivyokatwa. Ulijinyoosha, ukakunja vidole na kuvikunjua, kisha ukazunguka mbele, ukakamata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo na kuukata kwa mvuto mmoja.

Mpokezi aligeuka ubavu akajitazama. Aliona kwamba bandi haitoshi, inafaa apige mshono wa mashine. Mume, aliyekuwa akifunga viatu kitandani, aliinua kichwa.

"Umeongeza mkono," akasema.

"Nilikosea kukata."

"Aa. Chai ipo?"

Alipovua blauzi usiku, mkono ulibaki. Alilala kiubavu na usingizi ulikuwa mzuri.

Wiki ile, kwenye kundi lao la simu, Mchoraji alitangaza kigezo kipya, gauni lenye mifuko, akasema kwamba Jumamosi ya wiki itakayofuata atakuja mwenyewe kwenye ukumbi ulio jirani na maktaba. Kila anayekuja aje amevaa alichojishonea. Mpokezi alisoma ujumbe huo kwenye dawati la kliniki, mgonjwa akiwa mbele yake ameshika shavu, na moyo ukamruka. Hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka kuingia kwenye ukumbi ule amevaa gauni linalomtosha. Blauzi ni mazoezi. Gauni ni gauni. Alimwandikia mgonjwa tarehe ya kung'olewa jino kwa furaha kiasi kwamba mgonjwa alikwenda zake ameudhika.

Kumbe mkono wa tatu ulikuwa fundi. Kazini, mpokezi alipojibu simu kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, huo uliobaki ulikuwa chini ya dawati ukipunguza kingo za karatasi. Nyumbani ulivuta chaki mstari mmoja bila kutetemeka na ulitunga uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza, bila kulowesha ncha mdomoni. Daktari wa meno aliuona ukikata, akaomba uwe unashika simu ya pili. Akaukabidhi simu, na simu ikaanguka.

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Mume aliupa sufuria, nayo ikaishia sakafuni. Mama mkwe aliupa bakuli la mchele uchambue, mkono ukaning'inia tu kama taulo. Hapo ndipo nyumba ilipotaharuki. Kuota mkono ni jambo linalompata mtu, lakini mkono usioosha vyombo haukuwahi kusikika. Wifi akaitwa, na kikao kikakaa sebuleni Jumatano jioni, siku ambayo gauni lilikuwa bado vipande.

"Mimi sina ugomvi na mkono," mume alianza. "Mkono ni baraka. Lakini nimeupa sufuria, ukaiangusha."

"Haukuiangusha," mpokezi akasema. "Haukuishika."

"Unasikia, mama? Una kiburi."

"Wifi yangu," wifi akasema kwa upole, "mimi mkono kama huo ningeuzoesha kazi siku ileile ya kwanza. Mkono ukishazoea kukaa, umekwisha. Na kama hautaki, si ufumuliwe? Ulianza kwa bandi."

Mpokezi aliogopa, tena sana. Aliwaza Jumamosi, akawaza vile vipande vilivyokunjwa chini ya godoro, akawaza nguo za wifi kabatini, zote pana, zote zikimsubiri. Mkono wa tatu ulimgusa mgongoni, mahali ambapo mtu hawezi kujigusa mwenyewe.

Mama mkwe akasema uletwe karibu. Aliushika, akaugeuza kiganja, akaukagua kwenye taa kama anayechagua nyanya. Aliukagua kifundo, akaukagua kucha, akavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Hauna kovu la mafuta," akasema. "Hauna sugu. Kucha hazijui sabuni." Akauachia. "Huu mkono haujaolewa."

Wote wakaitikia kwa kichwa, kwani jambo lilikuwa wazi.

"Walioniletea mkwe," mama akaendelea, "walimleta na mikono miwili. Hiyo ndiyo tuliyoitolea posa. Huu ni wake, ushone. Ile miwili iendelee kama kawaida."

Mpokezi alipiga goti akambusu mama mkwe mkononi. Hakumbuki siku nyingine aliyofurahi vile ndani ya nyumba ile. Mume naye aliridhika, maana yeye ni mtu wa haki. Alimaliza chai yake, akampa mkewe kikombe kitupu, na alimpa kwenye mkono wa kulia.

Kuanzia hapo cherehani ilihamishiwa jikoni, ikawekwa kwenye meza inayotazamana na sinki. Mpokezi alisimama akiosha vyombo, uso ukutani, mikono miwili ndani ya maji. Nyuma yake mkono wa tatu uliongoza kitambaa chini ya sindano, na yeye alikanyaga kikanyagio kwa kisigino. Hakuona kitu. Alisikia tu mshono ukienda, ukisimama, ukigeuka kona. Kwa sauti alijua hapa ni ubavuni, hapa ni kwapani, hapa ni mfuko. Aliosha sufuria safi mara mbili ili mshono wa pindo usikatizwe.

Gauni lilikwisha Ijumaa. Lilikuwa la rangi ya haradali, mikono mitatu, safari hii imekatwa makusudi, na mifuko mitatu, wa tatu ukiwa nyuma kiunoni ili mkono uliobaki nao upate pa kupumzikia.

Jumamosi alipika asubuhi na mapema, akafunika, akaaga. Barabarani alitembea kama mtu anayekwenda kupokea tuzo. Alitia mikono mifukoni, akaitoa, akaitia tena. Muuza magazeti alimwambia, "Mama, umependeza," naye akajibu, "Lina mifuko!" Alipofika ukumbini alisukuma mlango na kusimama palepale kizingitini.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wenye mikono ya ziada.

Wengi walikuwa na mmoja, wa kushoto, mgongoni. Wengine ulitokea ubavuni, kwa kutegemea mahali walipokuwa wameupachika. Mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa na mitano, akaeleza kwamba yeye hujifunza polepole. Walikuwa wakigeuzana, wakikaguana mishono kwa ndani, wakipiga kelele. "Hebu nione kola! Hii kola umeipata wapi?" "Nimeifumua mara nne, dada, nusura niichome moto!" Mpokezi aligeuzwa kama chapati juu ya kikaango. Mfuko wa nyuma uliwamaliza. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa sakafuni apate kuuchora.

Mchoraji alipanda jukwaani. Alikuwa mfupi, amepachika chaki sikioni, ana mikono minne na mmoja tu ulikuwa wa kulia.

"Nimeandika 'geuza karatasi' kwa herufi kubwa," akasema. "Nikapiga mstari. Nikaweka na mshale. Jamani, huwa mnafanya nini?"

Mwanamke wa safu ya mbele akainua mkono mmojawapo.

"Mimi niliitwa," akasema. "Nilikuwa nimeshakata mmoja, nikaitwa."

"Hata mimi niliitwa," akasema mwingine.

"Niliitwa."

"Mimi mara tano," akasema mwalimu wa hesabu.

Mchoraji aliitoa chaki sikioni. "Hata mimi," akasema.

Wakaanza kupiga makofi. Mikono ya ziada, kwa kuwa yote ilikuwa ya kushoto na haikuwa na wenzi, ilitafutana mgongo kwa mgongo, ikapigana na ya majirani, na ukumbi ukatoa makofi mengi kuliko watu waliokuwamo. Mpokezi hakumjua aliyekuwa nyuma yake. Aliusikia tu mkono wake ukipokelewa na mkono wa mtu mwingine, ukigongwa, ukishikwa, ukigongwa tena, na yeye akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwa na huzuni yoyote. Mchoraji akatangaza kwamba kigezo kinachofuata ni koti, lenye bitana, na ukumbi ukalipuka upya.

Ilipokaribia saa za chakula cha mchana simu zilianza kuita. Ya kwanza iliita safu ya nyuma, kisha mbili, kisha zote. Kila mwanamke aliitoa mfukoni, na wote walikuwa na mifuko, akasema, "Naja." Wakaagana haraka kwa mikono yote. Mchoraji alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, kwa sababu kwake ni mbali.

Nyumbani, mpokezi alikuta mume na mama wamekula vizuri. Vyombo vilikuwa kwenye sinki, vya asubuhi na vya mchana.

"Tumekuachia," mume akasema. "Gauni zuri. Ukumbini palikuwaje?"

"Pazuri sana," akasema, na macho yalikuwa yakimng'aa bado.

Alikuwa ameshapita duka la kuchapisha kuchukua kigezo cha koti. Alikunja mikono miwili ya gauni, akafungua maji, akageukia ukuta. Nyuma yake karatasi zilianza kulia, selotepu ikakatika, mkasi ukatembea bila kusita kwenye kitambaa ambacho mkono ulikuwa umejichagulia. Mama mkwe alikuja mlangoni taratibu, miwani machoni, akasimama akitazama ule mkono ukifanya kazi. Kitu kilichokuwa kikitokea pale mezani kilimfanya atabasamu.

"Mwanangu," akasema, "safari hii utapendeza na rangi gani?"

"Sijui, mama," mpokezi akajibu, akisuuza sahani. "Bado sijageuka."