Uhusiano na Mkuu wa Familia

"Inua upande wako, Fundi. Hili ni godoro, si gauni la bibi harusi."

"Punguza maneno, pumzi zitakukatikia ngazini," Fundi alimjibu dereva.

Walikuwa wanapandisha godoro la nne, ghorofa ya tatu. Wakimbizi wakiletwa, Fundi hufunika cherehani yake kwa shuka, akafunga kibanda na kuja kujitolea. Hakuna mshahara. Kuna fulana ya kijani, chai ya asubuhi na orodha ya kazi: magodoro, ndoo, sufuria, kuonyesha bomba, kuonyesha jiko, kutambulisha majirani, kukabidhi ufunguo.

Familia iliyofika jana ilikuwa imekaa sakafuni, migongo ukutani, kama watu wanaosubiri kuitwa. Mama, binti yake wa miaka tisa, wavulana wawili wadogo, na bibi mmoja mwembamba aliyempakata yule mdogo kabisa.

"Bado moja," Fundi alisema.

"Karatasi inasema manne."

"Watu si watano?"

"Kamuulize mwenye karatasi, dada yangu. Mimi punda tu."

Alishuka. Mwenye karatasi, Afisa wa makazi, alikuwa kwenye chumba cha langoni, anachovya mkate kwenye chai. Fundi alipomweleza, alifungua jalada, akatoa fomu na kuigeuza imwelekee.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Soma hapo. Uhusiano na mkuu wa familia."

Fundi alisoma. Mstari wa tano aliandika yeye mwenyewe, jana, kwa herufi nzuri zilizosimama wima: *Jirani*.

Alikumbuka. Siku ya mafunzo waliambiwa wasiache nafasi wazi, na wasiandike wasichokijua. Watoto walikuwa wanamwita bibi, lakini mtoto humwita bibi kila mzee. Kwa hiyo akauliza, "Bibi, wewe ni mzaa mama au mzaa baba?" Yule bibi akacheka kidogo. "Si mzaa yeyote hapa, mwanangu. Kwao na kwetu ni ua mmoja tu." Fundi akaandika. Hata alijisikia vizuri, kwamba ameuliza vizuri.

"Chumba ni cha familia," Afisa alisema. "Mzee asiye na familia anakwenda bweni la wazee. Gari linaondoka saa nne."

"Bweni liko wapi?"

"Mbali kidogo. Kutwa nzima njiani."

"Nibadilishe, mkubwa. Niandike bibi yao."

"Imeshapigwa muhuri. Halafu unataka tuandike uongo?" Hakuwa mkali. Alifuta makombo ya mkate kwenye fomu kwa kiganja. "Waombe kuunganishwa. Kuna fomu yake. Huchukua miezi mitatu, ikienda haraka."

Fundi alipanda ngazi tena. Aliwaambia akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakujua akae wapi.

"Siku kumi na moja njiani, bibi kambeba huyu mgongoni," mama wa watoto alisema, akimwonyesha mdogo. "Mimi nilikuwa na homa, sijiwezi. Jina lake lenyewe nimelisikia jana, ulipomuuliza wewe. Sisi tumezoea kumwita bibi, basi."

"Nisamehe, dada."

"Ulikuwa unaandika tu."

Bibi alimhamisha mtoto taratibu, akamlaza kwenye godoro bila kumwamsha, akakaza kilemba. Mzigo wake ulikuwa kifurushi kimoja, na hakuwa amekifungua.

"Bibi, nisamehe," Fundi alirudia.

"Uliniuliza vizuri, nikakujibu vizuri," bibi alisema. "Kosa liko wapi hapo?"

Binti alitaka kujua atarudi lini. Bibi akamwambia amwangalie mdogo asilale chali, maana hukoroma, halafu akatoka. Dereva alikipokea kifurushi. Safari hii hakufanya utani wowote. Nyayo zao zilisikika ghorofa ya pili, ya kwanza, kisha gari likawashwa.

Mvulana wa kati akauliza kama sasa anaweza kulala peke yake.

Fundi aliangalia orodha. Alionyesha bomba: maji huja asubuhi tu, jazeni ndoo mapema. Alionyesha jiko, swichi ya kushoto haifanyi kazi, msiiguse. Mama alikuwa anaitikia, "Ndiyo, dada. Ndiyo." Angeonyeshwa hata ukuta angesema ndiyo.

Ikabaki kutambulisha majirani. Fundi aligonga mlango wa pili, akatoka mwanamke mnene mwenye unga mikononi.

"Karibuni, karibuni! Kumbe mmeshafika. Mimi hapa ndiye kelele zote mtakazosikia." Alicheka, akachungulia chumbani mwao. "Na yule bibi niliyepishana naye ngazini, aliyebebewa kifurushi? Ni nani wenu?"

Fundi alifungua kinywa.

"Mama yangu," mama wa watoto alisema. "Mama yangu mzazi."

Alisema akimtazama Fundi usoni, si jirani. Fundi aliishika orodha kwa mikono miwili. Kisha akamkabidhi ufunguo, na mama akatia sahihi kwamba familia imepokelewa, wote.