Safari ya Watu Watatu

Khulood aliichagua Australia kwa sababu moja tu, nayo haikuwa kangaruu. Aliitaka nchi isiyo na ndugu. Ukoo wa mumewe, kama koo nyingi za Waomani waliotoka Unguja, umetapakaa duniani hata huwezi kushuka kwenye ndege ukavuta pumzi kabla hujapokewa na shangazi mwenye sufuria mkononi. London wapo. Dubai wapo, Dar wapo, Toronto wapo, na Copenhagen yupo mmoja ambaye hakuna anayekumbuka kafikaje. Hata Salalah, ambako familia nzima huenda kila kiangazi kufuata manyunyu, hufuatana magari manne na mtungi wa gesi, na Khulood hurudi Maskat amechoka kuliko alivyoondoka. Australia, kwa alivyoitazama kwenye ramani, ilikuwa safi.

Hamu hiyo ya nchi safi ilitokana na mtu mmoja mwenye umri wa miaka miwili na ushei, jina lake Loai. Loai alikuwa mwana wa Khulood. Cheti cha kuzaliwa kilisema hivyo, ingawa ukiingia nyumbani kwao, mtaa wa Darsait, usingeona dalili. Kila asubuhi Khulood alishuka ngazi, akamwacha mtoto chini kwa mama mkwe wake, Bi Mahbuba, akaenda zake Wattaya kwenye ofisi ya bima iliyobanwa katikati ya maduka ya magari. Mtoto akala kwa Bi Mahbuba, akalala kwa Bi Mahbuba, na kusema akajifunza hapo hapo. Na kwa kuwa nyumba nzima humwita Bi Mahbuba "mama", naye akamwita mama. Na kwa kuwa nyumba nzima humwita Khulood "Khulood", naye hakuona sababu ya kufanya tofauti. Marhoon, mumewe Khulood, aliitwa baba bila kutoka jasho, maana babu alikwishafariki na nafasi ilikuwa wazi.

"Khulood, maji," mtoto humwagiza, kama mteja mkahawani.

Wageni hucheka. Khulood naye hucheka, kisha hupanda juu kukunja nguo ambazo zimekwishakunjwa. Ilimuuma. Ilimuuma vibaya, na hakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu huwezi kumlaumu mtu anayemlea mwanao vizuri namna ile.

Kwa hiyo alipanga: wiki tatu Perth, mwezi wa Julai, watu watatu. Yeye ndiye atakayemlisha, yeye atakayemwogesha, yeye atakayemlaza. Alisoma usiku na mchana habari za kusafiri na mtoto mdogo. Akajua kwamba Julai kule ni baridi, akanunua makoti. Akajua kuna kigari cha mtoto kinachokunjwa kwa mkono mmoja, akakinunua, akakuta kinahitaji mikono mitatu. Marhoon alikubali kila kitu. Marhoon hukubali yote yasemwayo ghorofa ya juu, na akishuka hukubali yote yasemwayo ghorofa ya chini, na kwa njia hiyo ameishi kwa amani miaka mingi.

Kosa lilifanyika Ijumaa, kwenye sinia la pilau.

Walikuwa wamekaa Bi Mahbuba, Marhoon, Khulood, na wifi yake Ruqaya, aliyeolewa Bustan lakini Ijumaa hula kwao. Marhoon alitoa habari ya safari huku akiangalia wali. Bi Mahbuba akamchambulia Loai nyama, akamtia mdomoni, kisha akasema, "Mwenyezi Mungu awafikishe salama."

Sasa, katika nyumba ile, mtu hatajiwi jambo jema bila kukaribishwa. Ukila, unamkaribisha anayepita. Ukinunua gari, unamkaribisha apande. Na anayekaribishwa, hata kama hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, hujibu kwamba ameshiba, ahsante, na mambo huishia hapo kwa furaha ya wote. Khulood kalelewa hivyo. Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Karibu, mama, twende sote."

"Ahsante mwanangu. Nendeni, mtembee."

Hapo pangetosha. Adabu imetolewa, adabu imepokewa. Lakini Ruqaya alikuwa akimtazama, ule utazamaji wa wifi, na Khulood akaona aongeze kidogo.

"La, mama, kweli, twende sote."

"Kwa miguu yangu hii? Nendeni zenu."

Na hapa ndipo Khulood alipojiponza. Alijisikia mkwe mwema. Maneno yakamnogea. "Wallahi mama," akasema, mkono kifuani, "bila ya wewe safari haitakuwa na ladha."

Bi Mahbuba akaweka chini kijipande cha nyama. Akamtazama mwanawe, akamtazama bintiye, kisha akamtazama Khulood kwa muda.

"Maadamu umeapa," akasema, "haya, inshallah. Nnakuja."

Marhoon akaomba apitishiwe achari.

Khulood hakuwa mtu wa kukata tamaa. Huwezi kumfukuza uliyemkaribisha, lakini hakuna sheria inayokataza kumtisha. Jumapili, alipotoka kazini, alikaa chini kwa Bi Mahbuba akaanza na ndege.

"Ndege ni saa nyingi, mama. Na kubadilisha katikati. Daktari alisema magoti yako..."

"Ntatembea ndani. Wanaruhusu kutembea."

"Na baridi. Wakati wao wa baridi ni huo."

"Sweta la marehemu lipo."

"Na kule kuna nyoka, mama. Wengi."

"Weye unampeleka mtoto kwenye nyoka, halafu mie nibaki?"

Khulood akajaribu chakula. Alijua hapo ndipo penyewe, kwa sababu Bi Mahbuba hasafiri bila halwa, samaki mkavu na pilipili ya kusaga mwenyewe. "Wakali sana hao watu wa forodha, mama. Chakula chochote cha nyumbani ukikificha, wanakutoza faini hapo hapo."

"Halwa si chakula," akasema Bi Mahbuba.

Jumatatu Khulood alirudi na hoja ya mwisho, ile iliyomfanya aichague nchi yenyewe. "Tatizo, mama, kule hatuna mtu. Ukichoka, ukitaka kuzungumza, hatumjui hata mmoja."

Bi Mahbuba alikuwa ameshika simu karibu na mdomo, kama anataka kuila. Alikuwa akimsikiliza mtu.

"Yupo Badr," akasema.

"Badr yupi?"

"Mjukuu wa mamake mdogo babake Marhoon. Kaoa huko huko Perth. Ana nyumba kubwa, na mkewe anapika. Keshasema hoteli ni aibu."

Khulood akapanda juu. Hakukunja nguo. Alikaa kitandani akamwambia Marhoon aseme na mama yake, na Marhoon akasema kwamba bila shaka atasema, akachukua funguo za gari, akaenda kutia mafuta gari lililokuwa na mafuta.

Wiki zikaenda, na safari ikawa ya Bi Mahbuba. Si kwamba alinyang'anya. Aliulizwa tu, na akajibu. Badr akatuma picha za vyumba. Ruqaya akaagiza manukato. Makoti ya Loai yakaonekana mepesi, yakanunuliwa mengine. Khulood alikuwa akipita na sahani mkononi, akisikia habari za safari yake mwenyewe vipande vipande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ijumaa moja baada ya chakula, wakiwa wanakunywa kahawa, Bi Mahbuba akapanga viti vya ndege.

"Loai atakaa na mie dirishani. Nyinyi wawili mkae nyuma, mlale. Na kwa Badr kuna chumba cha bustanini, kimetulia. Mkae huko, mie na mtoto tutakaa ndani." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mapenzi, hilo ndilo lililokuwa baya. "Unafanya kazi sana weye, mwanangu. Wiki tatu hizi upumzike. Usimguse kabisa."

Usimguse kabisa. Khulood alimtazama mwanawe, aliyekuwa amejilaza mapajani mwa bibi yake, kidole kinywani, macho yakimlegea.

"Mama," akasema, "sitaki uende."

Ruqaya alikuwa akimimina kahawa. Akamimina mpaka ikafurika. Marhoon akatazama dari. Hakuna aliyewahi kusikia neno kama lile katika nyumba ile, wala Khulood mwenyewe, na sauti yake ilimshangaza kwa jinsi ilivyotoka kavu.

"Uliapa," akasema Bi Mahbuba.

"Niliapa. Nitatoa kafara ya kiapo. Nitafunga siku tatu."

"Kafara ni kulisha masikini kumi. Kufunga ni kwa asiyekuwa na uwezo. Weye una mshahara."

"Nitawalisha, mama."

Kisha Bi Mahbuba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akashusha pumzi ndefu, mabega yake yakalegea, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu aliyepata usingizi.

"Mungu akupe kheri," akasema. "Mie ndege nnaiogopa, Khulood. Nnaiogopa hata ikiwa juu na mie niko chini. Tangu ile Ijumaa sili vizuri."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Umenikaribisha mara tatu, ukaapa, mbele ya Ruqaya! Ningekataa vipi? Ungesema mama mkwe ana kiburi."

Khulood alitaka kucheka na kulia, na vyote viwili vikamkwama. Miezi miwili wamebebana, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka karibu wafe. Hata hivyo hakuliamini jibu lile lote. Alimfahamu Bi Mahbuba. Angeweza kukataa kwa namna kumi, zote tamu.

"Ni hilo tu, mama?"

Bi Mahbuba akaanza kumpangusa Loai jasho ambalo halikuwepo. Chumba kilikuwa baridi kwa kiyoyozi.

"Wiki tatu ni nyingi kwa mtoto," akasema taratibu. "Wanasahau hawa. Nlisema moyoni, atarudi, atanitazama kama anavyomtazama mpita njia."

"Mimi ananitazama hivyo kila siku," Khulood akasema. "Ananiita Khulood, mama. Nimemzaa mimi, na ananiita Khulood."

"Sote tunakuita Khulood."

"Ndiyo. Na wewe sote tunakuita mama."

Bi Mahbuba akaacha kupangusa. Ilikuwa wazi kwamba jambo hili alikuwa hajawahi kuliona kwa upande ule. Au alikwishaliona, akaliacha lilivyo kwa kuwa lilikuwa tamu. Ruqaya alijifanya anafuta kahawa. Marhoon alifungua kinywa, wakamtazama wote, akakifunga.

"Utamlaza vipi huko?" Bi Mahbuba akauliza mwisho. "Hajalala hata siku moja bila ya mie."

"Sijui."

"Basi jifunze. Kesho huendi kazini. Mchana mlaze weye, na mie sntaingia. Hata akilia, sntaingia."

Jumamosi mchana Khulood akampandisha Loai juu, akafunga mlango. Mtoto alidhani ni mchezo. Alicheza na mapazia, akaomba maji, akaomba biskuti, akaomba baba. Alipoona kweli analazwa, na kifua cha kulalia si kile anachokijua, alipasua ukelele.

"Mama! Nataka mama!"

"Mama yupo hapa," Khulood akasema.

"Wewe Khulood!"

Akambeba, akapigwa teke. Akamwimbia, akaambiwa anyamaze. Akamsimulia habari za kangaruu anayebeba mwanawe mfukoni, na Loai akauliza kwa kwikwi kama kangaruu anaweza kumleta mama. Akamlilia mama mlangoni, akamlilia dirishani, akalala kifudifudi sakafuni akamlilia huko. Khulood alikuwa amelowa jasho na kiyoyozi kinawaka. Alifikiri: nafungua mlango, nampeleka chini, naifuta safari, na yaishe. Hakufungua. Alikaa sakafuni kando yake, bila kumgusa, kwa sababu hakujua tena pa kumgusa.

Kilio kikapungua kikawa mlio, mlio ukawa kwikwi. Mtoto akainua uso wenye makamasi, akamtazama sana, kama anayepima kilichobaki sokoni jioni.

"Khulood," akasema, "njoo."

Akaja. Loai akamwekea kichwa tumboni, akamshika sikio kwa mkono wote, akalala. Jina lile, alilolichukia mwaka mzima, lilimwingia Khulood mpaka kwenye mifupa. Hakuthubutu hata kumeza mate.

Baadaye akajichomoa polepole, akafungua mlango. Bi Mahbuba alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kwenye ukumbi wa juu ambao hakuwa ameupanda tangu magoti yalipomharibikia. Ngazi zote zile alizipanda mwenyewe. Mtandio wake ulikuwa umelowa upande mmoja.

"Kalala?" akanong'ona.

"Kalala."

"Kamlilia nani?"

Khulood akautazama uso ule, uliovimba macho. Kitu cha kusema alikuwa nacho, lile "njoo", kipya, chake, bado moto sikioni. Akakiweka moyoni.

"Wewe, mama. Mpaka usingizi ulipomchukua."

"Alhamdulillahi," Bi Mahbuba akasema, upesi na kwa moyo wote. Kisha akasikia alichokisema. Akafunika mdomo kwa mtandio, akanong'ona astaghfirullah, na akanyoosha mkono anyanyuliwe.