Ufunguo Anao Baba

Ofisini walimwita Bwana Kichwa, naye hakuliona jina hilo kuwa baya. Kazi yake ilikuwa kuziandikia makala za blogu vichwa vya habari, basi. Makala zenyewe ziliandikwa na wengine, watu wa kila aina wanaotuma maisha yao wakitumaini kusomwa. Yeye alikaa karibu na dirisha, feni ikimpuliza mgongoni, na mbele yake ukutani palikuwa na skrini iliyoonyesha watu wanabofya nini.

Alikuwa na kanuni yake, na wageni aliwafundisha bila kuwaficha kitu. Kichwa kizuri kina mtu, kina tendo, kina pengo. Mtu, ili msomaji apate wa kumwonea huruma au wivu; tendo, ili ashtuke; pengo, ili asitulie mpaka abofye. Kila makala aliiandikia vichwa viwili, nusu ya wasomaji wakaonyeshwa hiki na nusu kile, na kilichoshindwa kikafutwa. Makala zilimfikia bila majina ya waandishi, maana mhariri aliyaondoa makusudi ili asimpendelee mtu. Na kwa kuwa makala zilikuwa nyingi na siku ni ile ile, alisoma aya za mwanzo tu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Asubuhi moja ilikuja makala ya mwanamke anayemlea baba yake, mzee aliyepoteza kumbukumbu. Ilianza kwa kueleza kwamba kila alfajiri, kabla hajawasha jiko, mwanamke huyo huufunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, maana baba hutaka kwenda kazini, kazi aliyostaafu zamani. Siku za kwanza mzee aligonga mlango mpaka majirani wakasikia, na mpaka leo mwanamke huyo hajawaeleza kitu. Bwana Kichwa hakuhitaji zaidi. Akaandika: "Humfungia Baba Yake Mzazi Kila Asubuhi, na Majirani Hawajui Kwa Nini". Cha pili alikiandika kwa kutimiza wajibu tu. Kabla ya chakula cha mchana, kile cha kwanza kilikuwa juu kabisa ya skrini, na mhariri, mtu mchoyo wa sifa, alipita akamgusa bega.

Kisha shangazi yake akapiga simu.

"Mwanangu, umeona huyo dada yako anavyomfanyia baba yenu?"

Makala ilikuwa imetumwa kwenye kundi la ukoo, na kwa kuwa sasa imechapishwa, jina la mwandishi lilionekana wazi chini ya kichwa. Shangazi hakusoma zaidi ya hapo wala hakuona haja. Alikuwa njiani na baba zao wadogo wawili kwenda kumchukua kaka yake akaishi kwake, mbali na mtu wa kumfungia kama mbuzi. Shangazi akisema anachukua, anachukua. Ukoo mzima ulijua hilo, na ulijua pia kwamba dada hana maisha mengine zaidi ya yule mzee.

Bwana Kichwa aliifungua makala upya. Hata sasa alipojua ni ya nani, aya zile za mwanzo hazikumwonyesha nyumbani kwao. Alikuwa hajafika huko kitambo. Siku hizi hutuma salamu. Safari hii alisoma mpaka mwisho, na mwishoni ndiko makala ilikokuwa. Mwanzoni dada aliuficha ufunguo, na baba akagonga mpaka mikono ikavimba. Ndipo dada alipokumbuka kwamba baba alikuwa mtunza stoo, na mtunza stoo hafungui kabla ya saa. Akampa ufunguo autunze yeye. Tangu hapo, kila alfajiri dada akishafunga humkabidhi, naye mzee huutia katika mfuko wa shati, akakaa kitini karibu na mlango, akilinda. Kukipambazuka vizuri dada humwambia saa ya kufungua imefika. Baba huinuka, akafungua mwenyewe, wakatoka kutembea.

Moyo ulimwuma. Alijua hesabu ya pengo ofisini. Hakuwahi kufikiri kwamba asiyebofya hulibeba pengo hilo nyumbani akalijaza anavyotaka. Alikibadilisha kichwa bila kumwuliza mhariri, akaandika "Ufunguo Anao Baba". Lakini kwenye simu za ukoo kile cha zamani kilikuwa kimeshasomwa, basi akatoka.

Nyumbani kwao alikuta begi la nguo za baba limeshafungwa. Baba zake wadogo walikuwa wamesimama wakikwepa kutazamana, na dada alikuwa mlangoni, mikono imelowa maji ya vyombo. Bwana Kichwa hakusalimia. Alitoa simu, akawasomea makala yote kwa sauti, tangu kichwa kipya hadi mwisho. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipokwisha alifuta macho kwa upande wa mtandio, akaamuru begi lifunguliwe.

"Na mjinga gani aliyeandika kile kichwa cha mwanzo?" akauliza.

"Ni mimi, shangazi. Sikujua kama ni baba."

Dada alimtazama. "Niliipeleka kwenu kwa sababu upo wewe," alisema. "Nilidhani ukisoma tu utatujua."

Bwana Kichwa aliirudisha simu mfukoni. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha mzee, akamshika mkono amwamkie. Mzee akauvuta mkono wake, akaufunika mfuko wa shati.

"Umetumwa na nani? Stoo hii haitoi kitu kwa mtu asiyejulikana."

Akamtajia jina lake. Mzee alifikiri kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Msamehe," dada alisema bila hasira. "Hata wewe asubuhi hukumtambua."

Kisha akachukua mashati ya baba kutoka kwenye begi, akaenda kuyarudisha kabatini.