Nilivyosoma Kwamba Mji Umetulia

"Nani hapa anasoma habari ya saa moja?"

Mwanamke aliyeuliza alisimama mlangoni pa kituo chetu cha redio, mtaa wa Awindiri, mjini Arua, vumbi la safari limemganda kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Koboko kwa gari la kwanza. Nilimwambia ni mimi, Mindra, nikatabasamu, maana wasikilizaji hupenda kuona uso wa sauti waliyoizoea. Yeye hakutabasamu.

"Basi ni wewe nimeamini," akasema, "nikaita mutoto yangu mwongo."

Nilimpa kiti. Aliitwa Kadijah, mjane wa askari, muuza vitambaa katika soko la Koboko. Mwanawe, Lokule, alikuwa mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa maji katika nchi ya mbali ambayo sitaitaja, kwa sababu watoto wetu bado wako huko. Siku nne kabla, Lokule alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba wanafunzi wameandamana, askari wanafyatua risasi, na yeye na wenzake wamejifungia bwenini. Lakini asubuhi hiyohiyo Kadijah alikuwa amenisikia nikisema mji umetulia na wageni wote wako salama. Akamkaripia mwanawe. Akamwambia aache uvivu, arudi darasani. Tangu hapo simu ya Lokule haikupatikana tena.

"Nilisema, huyu dada ya redio atadanganya kwa nini?" Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. "Sasa niambie. Wewe uliona hiyo risasi hakuna?"

Sikuwa nimeona chochote.

Miaka miwili nyuma, radi iliunguza mtambo wetu wa kurushia matangazo na kituo kikanyamaza wiki sita. Ndipo walipotujia watu wa ubalozi wa nchi ile, wapole, wenye tabasamu. Walituletea mtambo mpya na paneli za jua. Walichoomba ni dakika tano tu kila asubuhi, tusome habari zao kwa Kiswahili. Mimi walinipeleka kwao kwa mafunzo, nikalala hoteli ndefu, nikaona barabara zinazooshwa kwa maji alfajiri. Habari zilikuja zimeshatafsiriwa. Kazi yangu ilikuwa kuzinyoosha lugha tu. Madaraja, matrekta, mavuno. Nikajiambia daraja halimuumizi mtu.

Hakuna aliyewahi kunitisha. Yale maandamano yalipoanza, niliyasoma mwenyewe kwenye mashirika mengine ya habari, nikayaacha. Sikuambiwa niyaache. Niliyaacha kama mtu anavyozunguka kiti ndani ya nyumba yake gizani, kwa mazoea.

Nilimwacha Kadijah na kikombe cha chai, nikaingia kwa mkurugenzi wetu, mzee Obitre, mwalimu mstaafu. Nilimweleza yote, nikamwambia nataka kusahihisha hewani, saa hiyohiyo, na yule mama akiwa pembeni yangu.

"Watachukua mtambo," akasema.

"Najua, mzee."

"Tutasema na watu kwa mtambo gani basi?"

"Na sasa tunawaambia nini?"

Alivua miwani, akaisugua kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Muingize. Simu za ubalozi nitapokea mimi."

Saa nne kamili niliwasha kipaza sauti. Nilisema kwamba habari niliyosoma Jumatatu nilipewa na upande mmoja, kwamba sikuihakiki, na kwamba nilikuwa nimesikia kinyume chake nikanyamaza. Niliomba radhi. Kisha nikamsogezea Kadijah kipaza sauti.

"Lokule, hapa ni mama yako," akasema, kana kwamba kijana anaweza kusikia kutoka huko. "Nilikosa. Nilikuita mwongo na wewe hukudanganya." Akaendelea kwa Kikakwa, taratibu, na sikuhitaji kuelewa kila neno. Mwishoni akarudi kwenye Kiswahili: "Kama iko mutu mwenye mutoto kule, apige simu. Tusikae kila mutu na woga yake peke yake."

Wa kwanza kupiga alikuwa baba mmoja wa Kuluva. Binti yake naye alikuwa kule, na baba huyo pia hakuwa amemwamini. Akafuata mwalimu wa Koboko, kisha wengine. Kufikia adhuhuri familia saba zilikuwa zimejuana, na kila moja ilikuwa imedhani iko peke yake. Karibu na alasiri akapiga msichana aitwaye Prossy, wa Logiri. Kaka yake, mwanafunzi kulekule, alikuwa ametembea hadi mtaa wenye mtandao, akamtumia majina ya waliofichwa na bibi mmoja mwenye nyumba karibu na chuo. Aliyasoma hewani moja moja. La tano lilikuwa Lokule.

Kadijah hakulia. Aliomba maji, akanywa, akaomba mengine.

Kesho yake mtu wa ubalozi alinipigia mwenyewe. "Dada Mindra," akasema kwa upole uleule, "tulidhani wewe ni rafiki." Wiki haikuisha, mafundi wao wakafungua mtambo, wakaufunga kwa uangalifu ndani ya masanduku. Alionzi, fundi wetu, aliufufua ule wa zamani kwa vipuri vya kuokoteza. Mawimbi yake hayavuki Arua. Koboko hawatusikii tena, ila zile familia za huku hurekodi habari za asubuhi na kuwatumia wenzao kwa simu, na Prossy anaziandika kwa Kilugbara.

Chuo kilipofunguliwa tena, Lokule aliamua kubaki amalize masomo. Juzi nilipita Koboko nikamkuta mama yake kibandani, akimfokea kwenye simu kwa kukonda. Wateja walikuwa wanangoja. Bila kukatisha maneno, Kadijah akanikabidhi ubao wa kupimia na jora la kitambaa cha bluu. Mwanamke aliyekuwa mbele kwenye foleni akasogea karibu, akakaza macho kwenye mikono yangu asije akapunjwa. Nikakinyoosha kitambaa mezani mbele yake, nikaanza kupima polepole.